Kisima Hakina Makonyo

Sentensi iliyoninyima usingizi wiki nzima niliitamka mwenyewe, mchana kweupe, mdomo umejaa muhogo wa kuchemsha. Nilimwambia shangazi yangu, "Ni kama kukodi mikarafuu tu."

Maneno matano. Mtu mwingine angemeza muhogo wake akasahau. Mimi si wa kusahau. Mimi ndiye niliyechukua siku nne kuchagua begi la kwendea chuo kikuu, nikanunua jeusi, kisha nikaishi muhula mzima nikiliwaza la buluu. Kwa hiyo kila nilipojilaza maneno yale yalirudi, na yalirudi na swali: hivi kweli ni kama kukodi mikarafuu? Na ikiwa siyo, hasara itamwangukia nani?

Nieleze tulivyofika hapo. Nilikuwa nimerudi Pemba na shahada ya jiolojia, na kazi ya jiolojia hakuna. Jioni nikifundisha tuisheni ya hesabu na fizikia Chake Chake, na mwisho wa wiki nikienda Ole kwa shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Siku hiyo alinikuta nimeikodolea simu macho tangu chai ya asubuhi.

"Unasoma nini humo? Barua ya posa?"

"Hapana, shangazi. Rafiki yangu niliyesoma naye kaniletea karatasi za kampuni anayofanyia kazi. Wanatafuta gesi chini ya bahari. Wanataka kuchimba kisima cha kwanza, na sasa wanauza hisa kwa watu wa kawaida."

"Gesi hii ya kupikia?"

"Hiyo hiyo, kwa jumla."

"Na wameshaiona?"

"Bado. Ndiyo wanaitafuta."

"Sasa hao watu wananunua nini?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Ningeweza kulijibu kwa dakika ishirini, kwa michoro. Lakini nilikuwa na njaa, na nilitaka kuonekana msomi anayejua kusema na watu wake. Nikatafuta mfano wa karibu, nikautoa.

Shangazi aliacha kutafuna. "Aaa! Kumbe!"

Ile kumbe ndiyo ilipaswa kunishtua. Kwa shangazi, kukodi mikarafuu hakujawa mfano hata siku moja. Ni kazi yake. Kila msimu, kabla ya kuchuma, wako wenye mashamba wanaotaka fedha mapema, au hawana nguvu za kusimamia wachumaji. Mkodi huja, akatazama karafuu zingali changa mtini, akakisia zitatoka polo ngapi, yaani magunia mangapi, zikikauka, akataja bei. Wakikubaliana, mavuno ya msimu ule ni yake. Mvua ikinyesha zikiwa jamvini, ni yake. Wezi wakipita, ni yake. Wachumaji wakigoma kwa sababu kwa jirani kila pishi wanayochuma inalipwa zaidi, ni yake pia. Shangazi kaishi hivyo tangu mumewe alipofariki. Nyumba ya mawe aliyonayo imetoka kwenye miti ya watu, na ada zangu za chuo zimetoka humo humo.

Siku mbili baadaye alinipigia simu.

"Mwanangu, nshaamua. Msimu huu sikodi lile shamba kubwa. Mtaji nautia kwenye gesi yenu."

"Gesi yetu?"

"Si umesema mwenyewe ni kama mikarafuu? Tena hii haina wachumaji wa kuwabembeleza. Miye magoti yamechoka kuzunguka na ngazi za watu."

Nikasema "Haya, shangazi." Hiyo ndiyo aibu yangu. Ningeweza kusema "Subiri." Nikasema haya, nikakata simu, nikakaa kitandani nikiangalia feni.

Mtu mwenye akili timamu angempigia tena saa ile ile. Mimi niliamua kufanya utafiti. Nilijiambia kwamba kabla sijamkataza mtu lazima nijue namkataza kwa lipi, na maneno hayo yalinipa kisingizio cha siku tano. Nilichora jedwali kwenye daftari la tuisheni. Upande mmoja faida, upande mwingine hatari. Upande wa faida ulikuwa mfupi na mtamu: gesi ikipatikana, hisa iliyonunuliwa kabla ya kisima inaweza kupanda mara nyingi, kwa sababu wakati huo hakuna mwenye uhakika na ndiyo maana ni rahisi. Upande wa hatari ulijaa ukurasa ukaendelea wa pili. Visima vingi vya utafutaji hutoka vikavu. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza chuoni. Vingine hutoa gesi, lakini kidogo, haitoshi kulipia hata bomba la kuifikisha nchi kavu. Na hata ikiwa nyingi, kati ya kuipata na kuiuza kuna miaka, na katika miaka hiyo kampuni itahitaji mtaji mwingine, itauza hisa nyingine, na kipande cha shangazi kitazidi kuwa chembamba kama chapati iliyosukumwa kupita kiasi.

Nilimpigia yule rafiki yangu. Ni mtu mwema, na hilo liliniudhi. Ningependa awe tapeli, mambo yangekuwa mepesi.

"Mwamba mama upo," aliniambia, yaani ule unaozaa gesi. "Mwamba wa kuhifadhi upo. Mtego wa kuizuia gesi umekaa vizuri sana kwenye picha za mitetemo. Lakini unajua mwenyewe, mpaka tuchoronge mwamba tuone."

"Mpaka mchoronge."

"Ndiyo. Kwani umeanza lini kuogopa mawe?"

"Mawe siyaogopi. Namuogopa shangazi."

Nilikwenda hadi kwa mwalimu wangu wa zamani wa madrasa, nikitarajia moyoni kwamba atasema haifai, nami nimpelekee shangazi hukumu iliyotoka kwa mtu mwingine. Mwalimu alinisikiliza kwa utulivu. Akasema kushirikiana na watu katika kazi, kwa faida na hasara, ni jambo moja. Na kununua kitu ambacho hakuna anayekijua kipo au hakipo ni jambo jingine.

"Sasa hao wanauza lipi?"

Nikasema nadhani ni la kwanza, lakini ukilitazama kwa upande mwingine linafanana na la pili, ingawa, kwa kuwa kampuni ina vifaa na leseni, basi...

"Nenda," mwalimu akasema. "Ukishajua unauliza nini, urudi."

Siku ya tano rafiki yangu alikuja Pemba. Kampuni ilikodi ukumbi mdogo Chake Chake, wakaweka viti, maji ya chupa na sambusa. Shangazi alikuja na buibui jipya, akaketi mstari wa mbele. Mimi nilikaa kando yake nikijaribu kupungua.

Rafiki yangu alionyesha ukutani picha ya mitetemo, ile ambayo mawimbi hupelekwa chini, yakagonga tabaka za mwamba na kurudi. Ilikuwa na mistari ya buluu na, katikati, doa jekundu lenye umbo la kofia. Shangazi aliinua mkono.

"Kijana, ile nyekundu ndo gesi?"

"Hapana, Bi. Nyekundu ni rangi ya kompyuta tu. Inaonyesha kwamba hapo mawimbi yamerudi kwa nguvu."

"Kwa hiyo gesi yenyewe ina rangi gani?"

"Haina rangi, Bi."

"Harufu?"

"Kwa asili yake haina. Ile unayoisikia jikoni hutiwa makusudi, ili mtu ajue mtungi unavuja."

Shangazi akageukia ukumbi. "Haina rangi, haina harufu, iko chini ya bahari. Mashaallah, mna imani nyinyi!"

Ukumbi mzima ulicheka, na rafiki yangu akacheka zaidi ya wote. Lakini shangazi alikuwa hajamaliza.

"Na msimu wenu unaanza lini?"

"Mtaji ukikamilika na meli ya kuchorongea ikipatikana, inshaallah mwakani."

"Mlinzi nani?"

"Mlinzi wa nini, Bi?"

"Wa kisima. Na miye nikitaka kuja kuangalia fungu langu, naletwa na boti ya nani?"

Watu walidhani bado anatania. Mimi peke yangu nilijua hatanii, na jasho likaanza kunitoka chini ya shati. Kichwani mwake kulikuwa na shamba. Aliona kisima kama mti aliouchagua mwenyewe, chenye fungu lake ndani, msimu wake, mlinzi wake, na siku ya kwenda na magunia. Nani aliyempandia shamba hilo kichwani? Mimi, na muhogo wangu.

Rafiki yangu alijibu kwa adabu kwamba wenye hisa hupelekewa taarifa kwa maandishi. Kisha akaweka mkono kifuani. "Naomba niwaambie wazi wazee wangu. Huenda tukachoronga na tusipate kitu."

Nikapumua. Nikasema moyoni, ndiyo hayo, kayasema mwenyewe, mimi nimeokoka. Tulipotoka nje shangazi alikuwa anang'aa.

"Yule kijana mkweli. N'nakwambia, miaka yote hii, mwenye shamba akikwambia 'miti yangu mwaka huu dhaifu,' huyo kodi kwake. Anayesifu ndo mwongo."

"Lakini shangazi, yeye alikuwa na maana kwamba..."

"Nshamwelewa. Chukua fomu hii, unijazie. Jumatatu napeleka pesa. Jumamosi twende shambani nikamuage mwenye mikarafuu, si vizuri kumkatalia mtu kwenye simu."

Jumamosi asubuhi tulitembea hadi shambani. Mwenye shamba, bibi mmoja mjane anayeishi upande wa pili wa bonde, alikuwa ameenda kwenye maziko kijiji cha jirani, akaacha ujumbe kwamba atarudi adhuhuri na kwamba kuna mkodi mwingine kutoka Wete anakuja mchana kutazama miti. Ikiwa shangazi haitaki, atampa yule. Basi tukangoja.

Shangazi hajui kungoja akiwa ndani ya mikarafuu. Alitandika kanga chini ya mti mmoja, akalala chali.

Hiyo ndiyo namna yake ya kutazama, na sijamwona mkodi mwingine anayefanya hivyo. Anasema ukisimama ukainua shingo unaona majani tu, na shingo ikikuuma unakisia haraka ili umalize. Ukilala unaona karafuu. Hukaa hapo mpaka macho yazoee, anahesabu vishada vya tawi moja, kisha anasogeza kanga upande mwingine wa mti, kwa sababu upande wa jua hudanganya. Mwisho humwomba mtu amkatie kishada kimoja cha juu kabisa, akakipasua kwa kucha, akanusa.

"Njoo ulale," aliniambia. "Huu mti umebeba. Yallah, tazama huu!"

Nikalala kando yake. Kweli, ukilala unaona. Vishada vilijaa hadi kileleni, vya kijani, vingine vimeanza kupata wekundu kwenye ncha.

"Unasemaje, shangazi? Hapa polo ngapi?"

Akakisia. Akatoa sehemu ya mvua, akatoa sehemu ya wizi, akatoa ya ndege na ya wachumaji wavivu. "Hata mambo yakiharibika yote," akasema, "karafuu zikipata maji zikaharibika, zikawa mpeta, nina makonyo."

Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki ukishazichambua karafuu. Navyo hukaushwa, na vina mnunuzi wake. Bei yake ni ndogo, lakini ni bei.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na sehemu nne. Lakini nikiwa nimelala chali, majani yakinichoma mgongoni, iliyotoka ilikuwa hii:

"Shangazi, kisima hakina makonyo."

"Nini?"

"Kile kisima. Kikitoka kikavu hakuna cha kuchambua. Wanatia saruji, wanaziba, wanaondoka. Hakuna kinachobaki cha kuuza."

Akageuza kichwa akanitazama. Tulikuwa karibu sana, niliona wanja wake umevuka mpaka kidogo.

"Si ulisema kama mikarafuu?"

"Nilikosea. Nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula!"

"Wewe hapa karafuu umeziona. Unabishana ni ngapi tu. Kule hakuna aliyeona. Wameona mahali ambapo, kama gesi ipo, ingependa kukaa. Na hutakuwa na fungu, wala msimu. Utakuwa umeshirikiana na watu wanaotafuta. Wakipata, nzuri, pengine nzuri sana, lakini baada ya miaka. Wasipopata, mtaji wako umekwenda, na msimu ujao huna cha kukodia hata miti mitatu."

Nilisikia kuku wa mtu akipekua majani makavu. Nikaanza kuhesabu moyoni njia ambazo angeweza kukasirika.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nimekusomesha mawe, unaniletea mfano mbovu."

"Samahani, shangazi."

"Mwanafunzi wa tuisheni akifanya hivyo unampa ngapi?"

"Sifuri."

"Haya." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, ya kazini: "Lakini watu wanatia. Wale ukumbini si wajinga. Kuna sababu."

"Iko. Ikipatikana, waliotia mapema ndio watakaofaidi."

"Basi nijibu moja. Miye nikitaka shamba nisiloweza kulifikia, la Micheweni huko, namtuma mtu akanitazamie. Na huyo mtu simlipi kitu. Namwambia, ingia ubia na miye, utie chako. Jicho la mtu asiyetia chake halioni vizuri. Sasa weye ndo jicho langu kwenye gesi. Umetia ngapi?"

"Mimi?"

"Nani mwengine kalala hapa?"

"Nilikuwa nafikiria..."

"Sikukuuliza ulikuwa unafikiria ngapi."

Sikuwa nimetia hata senti. Na cha ajabu, katika jedwali langu lote, kurasa mbili, sikuwa nimejiandika mwenyewe mahali popote. Nilikuwa nimepima mwamba, meli, bei, bomba, hukumu ya dini, na magoti ya shangazi. Sikujiuliza swali jepesi: wewe, na ujuzi wako wote huu, ungetia kiasi gani?

Nikajiuliza pale pale, chali. Na kwa mara ya kwanza wiki ile jibu halikuja na matawi. Nilikuwa na akiba ya tuisheni ya miezi mitatu. Yote? Hapana, ningeugua. Ya mwezi mmoja? Hiyo nikiipoteza ningenuna wiki mbili, ningekula mihogo zaidi, basi. Na ningependa kuitia. Hilo lilinishangaza. Niliipenda ile picha yenye kofia nyekundu. Nilisoma kazi hii, nimekosa kazi hii, na nilitaka siku watakapochoronga taarifa ije kwa jina langu, niisome kama mwenye mali hata ikiwa ni ya kisima kikavu. Lakini kutaka huko kulikuwa kwangu, hakukumhusu mtu aliyenisomesha kwa kukodi miti ya watu.

"Ya mwezi mmoja," nikasema. "Ya tuisheni. Si zaidi."

"Kwa nini si zaidi?"

"Kwa sababu pengine itapotea."

"Na kwa nini usiache kabisa?"

"Kwa sababu pengine haitapotea."

Shangazi alicheka mpaka akaketi. Akajipangusa majani kwenye buibui.

"Sasa hapo umesema kitu. Siku zote hizi uko wapi na maneno hayo? Miye nitatia kama weye. Sawasawa na yako, si shilingi juu. Ikipotea tutanuna pamoja." Akatazama juu tena. "Na huu mti simwachii mtu wa Wete."

Alimpigia simu yule bibi pale pale, japo yumo mazikoni. Nilisikia pole nyingi, na dua, na habari za mgonjwa mwingine, kisha katikati ya dua bei ikatajwa, ikakataliwa, ikatajwa nyingine. "Basi yule wa Wete mwambie ageuze pikipiki," shangazi akasema, na wote wawili wakacheka.

Mimi nilibaki na fomu. Iliandikwa kwa jina la shangazi, na pale penye kiasi nilikuwa nimeacha wazi tangu siku ile, kwa woga. Nikaandika kiasi kidogo, akatia sahihi akiwa ameegemea mkarafuu, herufi kubwa kubwa. Nikajaza ya pili kwa jina langu, kwenye simu. Mtandao ulikuwa wa shida, nikapanda kwenye kichuguu cha mchwa kuutafuta. Shangazi alikuwa ameshakwenda mti wa pili na kanga yake.

"Ushatuma?"

"Nasoma masharti kwanza."

"Ulishayasoma mara ngapi?"

Sita. Nikapiga picha fomu yake, nikaiambatanisha na yangu, nikazituma zote mbili. Kisha nikashuka kwenye kichuguu, nikaenda kumsaidia kuhesabu.